Meru kwanza, Tarangire baadaye: mlima, mpishi na lanchi boksi

Kazi yangu ni kupika kwenye shughuli. Harusi, kipaimara, arobaini, kikao cha vikoba; nipo Tabata, ukinipigia nakuja na masufuria yangu. Nasema mapema ili ujue kwa nini tathmini hii itakaa jikoni muda mrefu kuliko itakavyokaa kileleni.

Tulichonunua, mimi na wifi yangu, ni kupanda Mlima Meru kwa mpango wa siku nne, kisha kwenda kuangalia wanyama Tarangire. Waliotuuzia ni kampuni moja ya Arusha. Jina siliandiki, maana nina ya kuwasifu na nina ya kuwasema, halafu safari hii wanaiuza wengi pale mjini na sehemu kubwa ni ile ile. Njia ya kupanda ni moja tu, ya Momella. Vibanda vya kulala ni vya hifadhi. Askari mwenye bunduki ni wa hifadhi. Kampuni zinatofautiana kwa mpishi, kiongozi, gari, na namna wanavyoishi na wagumu wao, yaani wabeba mizigo wa mlimani. Basi hayo ndiyo nitakayoyapima.

Bei kwanza. Mtanzania analipa tozo za hifadhi kwa shilingi, na ni kidogo sana ukilinganisha na anazolipa mgeni kutoka nje. Kwa hiyo muuzaji asikutishe kwa jumla moja nene. Mwambie akuandikie mgawanyo: kuingia hifadhini, kibanda, askari, wagumu, chakula, gari, mafuta. Za serikali zinalipwa kwa kumbukumbu namba, haziendi mkononi mwa mtu, kwa hiyo risiti ipo na una haki ya kuiona. Kijana wetu wa ofisini alipoombwa mgawanyo alikohoa, akasema anaenda kuuliza kwa bosi, aliporudi bei ilikuwa imeshuka.

Kwa nini Meru na si Kilimanjaro? Mfuko, na magoti. Kilimanjaro ni mita 5,895 na unahitaji siku zaidi na pesa zaidi. Meru ni mita 4,566, mlima wa pili kwa urefu hapa kwetu, na wageni wengi wanautumia kama mazoezi kabla ya kwenda Kilimanjaro. Ni haki yao, lakini mlima wenyewe unastahili kupandwa kwa ajili yake. Tena umo ndani ya Hifadhi ya Arusha, kwa hiyo unaanza kupanda katikati ya wanyama. Hilo ndilo lililonifanya niwe mkali kuhusu mpangilio: mlima utangulie, wanyama wa ndani ya gari wafuate. Muuzaji alitaka kutugeuzia, tuanze Tarangire, eti gari lilikuwa na nafasi wiki ile. Nikakataa, na sasa ninazo sababu zaidi ya nilizokuwa nazo siku ile.

Pale Momella, kama mita 1,500 hivi, mizigo ilipimwa kwenye mizani, wagumu wakagawana, na afande akaja kujitambulisha. Binti mdogo, buti zimefungwa vizuri, bunduki begani. Akatuambia tutembee kwa mstari, tusipayuke, na akisimama tusimame. Wifi yangu ni mtu wa mazoezi ya alfajiri na maneno mengi. Hapo kwenye kutopayuka nikaanza kumwombea. Hatujaenda mbali, uwandani kuna twiga wanatutazama kwa dharau, ngiri wanachimba, na upande wa kushoto nyati. Ukiwa ndani ya gari nyati ni picha. Ukiwa kwa miguu ni mzee mwenye hasira ambaye hujamkosea bado. Afande akasimama, sisi tukasimama, upepo ukawa unatupiga usoni, akanong'ona kwamba hiyo ni heri, nyati hawatunusi. Tukasubiri mpaka wazee wale wakajisogeza wenyewe.

Kutoka hapo binti yule akawa mwalimu. Kinyesi kibichi cha nyati hiki, cha asubuhi. Hiki cha jana, kimeshaota ngozi. Gome hili limesuguliwa na tembo. Sikiliza, mbega wanakoroma kule juu, angalia mikia yao mieupe. Tulipita chini ya mtini mkubwa uliojipinda ukawa lango, gari zima linapita katikati. Watu wote hupigia picha pale, na sisi tulipiga. Lakini nilichobaki nacho ni jicho. Hili utaona faida yake tukifika Tarangire.

Sasa jikoni.

Kibanda cha kwanza, Miriakamba, kiko mita 2,514. Tumefika, miguu inawaka, na mezani kuna beseni la maji ya moto ya kunawa, chai ya tangawizi na bisi. Bisi ni desturi ya mlimani, kila kampuni inatoa, kwa hiyo sikumpa mpishi alama kwa hilo. Alama alizipata usiku. Alileta supu ya maboga, nikaionja, nikaweka kijiko chini, nikaenda jikoni kumtafuta. Alikuwa ameunga kitunguu mpaka kikawa rangi ya asali kabla ya kuweka boga. Mtu anayefanya hivyo mlimani, kwa jiko la gesi, akiwa amepanda njia ile ile niliyopanda mimi nikihema, huyo si mpishi wa kubahatisha. Kijana wa Usa River. Nikamwuliza mwanangu, umejifunza wapi? Akacheka, kwa bibi yangu, mama.

Kibanda cha pili, Saddle, kiko mita 3,570, na huko ndiko mpishi anapojulikana. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Pale Saddle yanachemka kwenye nyuzi kama 88, si 100 za Tabata. Yanatokota vizuri, mvuke unatoka, lakini maharage hayana habari. Wali unabaki na kiini. Viazi vinakudanganya, laini nje, ndani ukuta. Ukiona kampuni inawapikia watu maharage makavu kwenye sufuria la kawaida kule juu, fahamu watalala na matumbo yaliyojaa gesi, na tumbo likishajaa gesi kwenye kimo kile usingizi ndio basi.

Kijana alikuwa na majibu mawili. La kwanza ni presha kuka, mzigo wa mgumu mmoja peke yake. Nilipomwuliza kama hawaoni uzito wake alisema, "Mama, nikiiacha chini mtakula wali unaolia kwenye meno." La pili ni kwamba vigumu vyote amevimaliza nyumbani. Alikuja na makande yaliyokwisha kuiva, yamegandishwa, yakawa yanayeyuka taratibu kadiri tunavyopanda, yeye kazi yake ni kupasha moto na kuunga. Usiku wa kuamkia kilele alitupikia mtori. Ndizi zimepondwa, nyama imechambuka, mafuta kidogo sana, chumvi imezidi kidogo tu kwa makusudi kwa sababu mtu anayepanda anatoa jasho. Kwenye kimo kile hamu ya kula inakimbia; wifi aliikataa sahani ya tambi mchana, lakini mtori aliunywa bakuli likaisha na akaomba tena. Nimepika mtori miaka mingi. Ule ulikuwa mtori.

Kasoro yake moja: chapati. Asubuhi zilikuwa ngumu. Nilimwambia unga aukande kwa maji ya moto na aupumzishe zaidi kwa sababu ya baridi, akaandika kwenye simu yake. Mpishi anayeandika namheshimu.

Kati ya Miriakamba na Saddle kuna ngazi za magogo zinazokwenda mpaka unaanza kumchukia aliyezikata. Mnapumzika Mgongo wa Tembo, mnaona bonde na shimo la volkano, mnaendelea. Mchana ule ule kiongozi anawapandisha Meru Ndogo, mita 3,820, kisha mnarudi chini kulala, ili mwili uzoee. Usiikwepe hiyo kwa sababu umechoka. Tuliokwenda tulilala, wenzetu wa kundi jingine waliobaki kibandani waliamka na vichwa vinagonga.

Kilele nitakipita haraka, kila aliyefika huko anaandika yale yale. Mnaamshwa usiku wa manane, mnakunywa uji, mnavaa kila mlicho nacho, mnatembea nyuma ya taa ya kichwani. Rhino Point, halafu jabali la kupita kwa mikono na miguu ambalo nashukuru nililipita gizani. Cobra Point, mita 4,350, ambako nilikaa kwenye jiwe nikawa siwezi kumaliza sentensi. Halafu ukingo wa shimo, miamba, bendera na kibao cha Socialist Peak. Mbele yako mashariki Kilimanjaro imesimama juu ya mawingu na jua linatokea upande wake. Chini kabisa ni koni ya majivu, na upande wa mashariki wa mlima haupo, ulibomoka maelfu ya miaka iliyopita, ndiyo maana Meru ukiutazama kutoka hewani ni kiatu cha farasi. Mlipuko mdogo wa mwisho ulikuwa mwaka 1910. Wifi yangu alikaa kimya pale juu. Kimya kabisa. Hilo peke yake ningelilipia.

Kiongozi wetu nampa alama zote. Kila baada ya muda alituuliza maswali ya kipuuzi, jina la mtoto wa mwisho, jana tumekula nini, na nilidhani anapiga soga. Baadaye ndiyo nikaelewa alikuwa anapima akili zetu kama bado zipo. Pale Cobra Point kiongozi wa kundi jingine alimgeuza mteja wake, mwanaume wa miraba minne aliyekuwa anayumba na kutapika, yule bwana akagombana naye, akashushwa hivyo hivyo. Unapouliza kampuni maswali usiulize asilimia ngapi wanafika kileleni. Uliza mara ya mwisho walimrudisha mtu lini, na walirudishaje.

Kushuka ndiko kunakovunja watu. Kwa mpango wa siku nne mnatoka kileleni mnapita Saddle mnakwenda kulala Miriakamba, zaidi ya mita elfu mbili kwenda chini kwa siku moja. Wanaochukua siku tatu wanashuka mpaka getini siku ile ile, elfu tatu. Ni nafuu kwa pesa. Kwa mtu aliyepita miaka arobaini sipendekezi hata kwa adui. Fimbo za kutembelea mbili, si moja, na kucha za miguu zikatwe fupi kabla hujatoka nyumbani.

Wagumu: niliwauliza wenyewe jikoni, bila kiongozi. Walisema wanalipwa kwa siku na wanalipwa wakishuka, na wote walikuwa na buti na makoti ya maana. Bahshishi tuliwapa getini mkononi, kila mtu yake, wenzake wakiona. Ofisini walitaka tuipeleke kwao kwenye bahasha moja wakaigawe. Hapana, asante.

Ratiba iliyoandikwa ilisema tukitoka getini asubuhi tunaingia garini moja kwa moja kwenda Tarangire. Aliyeandika ratiba ile hajawahi kushuka Meru. Tulidai usiku mmoja Usa River katikati, tukaongeza kidogo, na ulikuwa ndio usiku bora wa safari: maji ya moto, ndizi za kuchoma, mbuzi, kitanda. Asubuhi yake sikuweza kushuka ngazi mbili za nyumba ya wageni bila kushika ukuta. Ndiyo sababu nasema wanyama wafuate. Gari linakubeba. Mapaja yaliyokufa hayana kazi kwenye Landcruiser. Ungeanza na wanyama ungepanda mlima ukiwa na kikohozi cha vumbi, na kikohozi kwenye mita elfu nne si cha kuchezea. Kuna wanaosema kulala ukingoni Ngorongoro kwanza kunazoesha mwili kimo. Pale ni kama mita 2,300 hivi, chini ya kibanda cha kwanza cha Meru, na wenyeji wa Dar wanalala usiku mmoja tu. Sioni kinachozoea hapo. Isitoshe, mlimani ukiumwa unaweza kubaki na ratiba ya gari ikasogea. Vibanda vikishapangwa havisogei.

Sasa gari. Tuliahidiwa Landcruiser ya paa la kunyanyuka. Ilikuja Landcruiser, na paa lilinyanyuka, ila halikubaki juu. Chuma cha kulishikilia upande mmoja kilikuwa kimekatika na mahali pake pakawekwa kipande cha mti. Kila tuta, mti unatoka, paa linatushukia vichwani. Kioo cha upande wangu kilikwama nusu. Njia nzima ya lami, Makuyuni mpaka Kwa Kuchinja, tulikuwa sawa. Tulipoingia vumbi nikawa na rangi ya mbuyu. Dereva aliomba radhi kwa dhati, na nikamwona si yeye mwenye makosa, maana alikuwa ameshaliandikia ofisi. Macho yake yalikuwa ya mwewe. Lakini mteja halipii radhi.

Tarangire yenyewe? Nenda. Nenda kiangazi, Julai mpaka Oktoba, mto unapokuwa maji pekee ya maana na tembo wanakusanyika kutoka kote. Tuliwaona wakichimba mchanga wa mto kwa miguu na mkonga, shimo linajaa maji, mkubwa anakunywa, mtoto anasubiri zamu yake akijikuna kwenye mguu wa mama. Mibuyu imechubuliwa na meno yao mpaka kiunoni. Na hapa ndipo shule ya Meru ililipa. Wifi alikuwa wa kwanza kusema "wamepita sasa hivi", akionyesha kinyesi kinachotoa mvuke barabarani, na kweli, kona iliyofuata kundi zima la nyati. Watalii wa gari la jirani walikuwa wanasubiri dereva wao aambiwe kwenye redio. Mimi nilikuwa natazama upepo unavuma kutoka wapi, ingawa ndani ya gari hainihusu.

Mbung'o wapo. Nguo ya bluu au nyeusi iache nyumbani, wanaifuata.

Saa saba tukasimama sehemu ya chakula juu ya mto, mahali pazuri, kivuli, tembo wanaonekana bondeni. Na dereva akatoa maboksi.

Wapishi wenzangu, naomba mnisikilize. Paja la kuku lililokaangwa jana likakauka likawa kuni. Yai la kuchemsha lenye pete ya kijani kwenye kiini, maana yake lilisahaulika jikoni. Mkate wenye siagi ya kuhesabu. Keki kavu. Ndizi moja, ambayo ndiyo pekee iliyopikwa na Mungu. Juisi ya boksi. Ukiangalia magari mengine wote wanafungua boksi hilo hilo, na tumbili wa pale wanalijua, wanakaa kando wakisubiri watu wakate tamaa. Mmoja alinichukulia keki. Sikumfukuza.

Kilichoniudhi si kuku. Ni kwamba kijana mmoja mwenye jiko moja la gesi, kwenye mita 3,570, maji yakichemka kabla hayajapata moto wa kutosha, alinipa mtori. Na jikoni kwa kampuni hiyo hiyo, mjini Arusha, kwenye umeme na bomba na soko la Kilombero karibu, walishindwa kuweka pilau kwenye hotipoti. Hotipoti mbili tu. Pilau na kachumbari, au ndizi nyama, chupa ya chai. Zipo kampuni zinazofanya hivyo, tuliwaona meza ya tatu wakijipakulia, na harufu ilitufikia. Ukinunua safari sema wazi: nataka chakula cha moto mchana, na kiandikwe.

Alama zangu, kwa anayezitaka. Mlima, kumi. Kiongozi, kumi. Mpishi wa mlimani, tisa, moja nimeitoa kwa zile chapati. Afande si wa kampuni, ila angekuwa wa kampuni ningewaambia wampandishe mshahara. Dereva nane. Gari tatu. Lanchi boksi siipi alama.

Niliwaandikia ofisini tuliporudi, kwa adabu, kila kitu hiki. Walijibu siku ya pili: paa la gari limetengenezwa, wametuma na picha, na sehemu ya pesa ya gari walinirudishia kwenye simu, nawashukuru. Usiku wa kati wanasema sasa wameuingiza kwenye ratiba ya kila mtu anayeshuka Meru kwenda Tarangire. Kuhusu lanchi boksi hawajasema kitu, nami nimewatumia bei ya hotipoti za jumla Kariakoo.